Motere Hukaa Nje

Mnanicheka, najua. Mnasema Papa Ramazani ameacha kazi lakini kazi haijamwacha, kwamba nikipita mtaani nikisikia groupe, motere ya kutoa umeme, inanguruma nyuma ya nyumba ya mtu nasimama, nazunguka ukuta, natafuta moshi wake unatokea wapi. Mama mmoja kule Makiso alidhani mimi ni mwizi, akanimwagia maji ya vyombo. Sikukasirika. Moshi wake ulikuwa unatoka vizuri, unaelekea barabarani. Nilikwenda zangu na shati limelowa.

Basi kaeni niwaambie. Ninyi mnaojifunza motere siku hizi mna bahati na mna hasara. Bahati yenu, kila kitu kimo ndani ya simu. Hasara yenu, hamkupigwa kofi na mzee Saidi.

Mzee Saidi ndiye aliyenifundisha kazi, wakati motere zilikuwa za dizeli, kubwa kama kitanda cha watu wawili, zimeachwa na wenye mashamba ya kahawa. Ukitaka kuiwasha mnazungusha chuma watu wawili huku mnamwomba Mungu. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi juu ya motere na mpini sikioni, anafumba macho, kisha anasema, "Huyu anaumwa kifua," au, "Huyu ana njaa tu." Motere ya kwanza niliyoifunga peke yangu ilinibakizia skrubu moja. Nikaitia mfukoni, nikanyamaza. Motere ikawaka. Mzee akasikiliza kidogo, akanyoosha mkono: "Lete kile kimebaki mu mufuko." Kofi lenyewe likafuata nyuma.

Neno lake alilopenda kurudia lilikuwa hili: motere ni kama beberu la mbuzi. Liwe uani, ulilishe, ulifunge kamba, lakini usililaze chumbani.

Zamani neno hilo halikuwa na maana kubwa. Nani angeingiza chumbani kitu kinachobebwa na watu sita? Halafu zikaja hizi ndogo za petroli, ambazo wenzetu wa Tanzania wanaziita jenereta. Mtu mmoja anaibeba kwa mkono kama ndoo ya maji. Tulifurahi sana. Hatukuona kwamba motere nzito ilikuwa haiibiwi, kwa hiyo ilikaa nje. Nyepesi inaibiwa, kwa hiyo watu wanaiingiza ndani. Kazi yetu ilibadilika pale, na hakuna aliyetupiga kofi.

Sasa niwapeleke Mangobo.

Kulikuwa na kanisa pale, si kubwa, kuta za matofali, bati juu, madirisha ya mbao yanayofungwa kwa komeo. Mimi ni Muislamu, mnajua, babu zetu walikuja huku na misafara ya biashara wakasahau kurudi. Lakini motere haina dini. Nimetengeneza za misikiti, za makanisa na za baa, na za baa ndizo zinazotunzwa vizuri kuliko zote. Umeme wa maporomoko ya Tshopo unachagua wenyewe siku ya kuja, kwa hiyo kanisa lile lilikuwa na groupe, na fundi wake nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeijengea kizimba cha nondo nyuma ya ukuta, chini ya kipande cha bati, moshi ukitazama upande wa migomba.

Groupe hiyo ilikuwa zawadi ya Papa Bosenge. Alikuwa mzee wa kanisa, mfanyabiashara wa mbao, mtu mwenye sauti nzito na mkono wazi. Nyumba yake ilipakana na kanisa, seng'enge tu katikati. Mkewe, Mama Julienne, aliongoza wamama. Binti yao mkubwa, Nadège, alipiga kinanda cha kwaya. Alikuwa msichana wa kunitania. Nikija kubadilisha mafuta ananiuliza, "Papa Rama, leo utabatizwa?" Namjibu, "Leo nimekuja kubatiza motere tu." Anacheka mpaka anashika ukuta.

Wezi walipoanza kupita Mangobo, wakachukua groupe ya jirani mmoja na kizimba chake, Papa Bosenge aliagiza ile ya kanisa iingizwe ndani, katika chumba kidogo cha nyuma wanamotundika mavazi ya kwaya. Mimi sikuitwa. Vijana waliinyanyua tu, wakaiweka sakafuni. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja, na mlango ulifunguka kanisani.

Alasiri moja kwaya ilikuwa inafanya mazoezi. Mvua ikaja, ile ya kwetu isiyobisha hodi. Wakafunga madirisha yote ili maji yasiingie. Groupe iliendelea kuwaka kule chumbani. Waya wa kinanda ulipita kwenye ule mlango, na kwa kuwa waya ulikuwa mfupi, kinanda kiliwekwa pale pale kwenye mlango. Nadège alikaa hapo, mgongo wake kwa moshi.

Aliyewakuta alikuwa Koko Yaisa. Koko, yaani bibi, hivyo ndivyo watu wote walimwita. Alikuwa mjane mzee aliyefagia kanisa na kulala katika chumba kilichojengwa nyuma yake. Alikuwa ndani na wanakwaya mwanzoni, akitafuta ufagio wake, kisha akatoka. Aliporudi alikuta wengine wameinamia mabenchi kama walevi, wengine chini, wanatapika, na Nadège kichwa chake juu ya kinanda. Kile kinanda kilikuwa kinapiga noti moja tu, haiachi. Koko ndiye aliyefungua madirisha. Ndiye aliyewavuta miguu mpaka kwenye mvua, mtoto mmoja baada ya mwingine, yeye na mwili wake ule mdogo, akipiga kelele. Majirani walipofika, wote walikuwa nje.

Wote walipona isipokuwa Nadège.

Mchungaji wao, Pasta Étienne, alinipigia simu asubuhi yake, akaniomba nije niangalie ile mashine. Aliniongoza mpaka chumbani. Groupe ilikuwa sakafuni, imepoa. Ukuta nyuma yake ulikuwa mweusi mpaka usawa wa kifua, na mavazi meupe ya kwaya yamegeuka rangi ya chai. Nilimwuliza nani aliileta humu. Pasta aliangalia viatu vyake.

"Papa Bosenge aliogopa wezi," alisema.

"Yeye anajua kilichomuua mtoto?"

"Mwuguzi alisema jana ile ile, mbele ya watu wote. Alisema ni gaz ya motere."

Kwa hiyo nataka mlielewe hili, vijana. Hakuna aliyekosa kujua. Msidhani nilikwenda pale kuwafumbua watu macho. Mwuguzi alisema, pasta alisikia, baba alisikia. Moshi wa motere una sehemu ambayo huioni wala huinusi, nayo ndiyo inayoua. Kwanza kichwa kinauma, magoti yanalegea, halafu usingizi. Jambo hilo lilikuwa limeshasemwa kwa Kilingala na kwa Kiswahili kabla jua halijazama.

Lakini siku ya maziko maneno mengine yalikuwa yameshaanza. Nilihudhuria. Koko Yaisa alikuja na kigoda chake, akatafuta mahali pa kukaa kati ya wamama, na wamama wakasogeleana hata nafasi ikakosekana. Alizunguka mara mbili na kigoda mkononi. Mwishowe akakaa peke yake karibu na mitungi ya maji. Nilisikia nyuma yangu mtu ananong'ona:

"Alijuwaje kutoka? Mvua inanyesha, batu bote banaingia ndani, yeye peke yake anatoka?"

"Na anarudi wakati bamelala. Mutu mwenye hajui anarudi?"

Neno ndoki, yaani mchawi, likatamkwa. Ninyi mnajua neno hilo likishatoka mdomoni mwa mtu halirudi. Papa Bosenge alilisikia pia, akiwa amekaa kwenye kiti cha wafiwa na macho mekundu. Angeweza kulizima. Badala yake alisema, na sauti ile nzito wote wakaisikia: "Minajua mwenye alikula mutoto yangu. Mungu ananionyesha."

Siku ya kuondoa matanga, vijana wa mtaani waling'oa mabati ya chumba cha Koko. Walivunja mlango wake. Mmoja alimpiga na kipande cha tofali, mkono wa kushoto ukavunjika juu ya kiwiko. Mimi nilifika wakati pasta anampandisha kwenye pikipiki kumpeleka kwa mpwa wake, upande wa Kapalata, mbali kidogo na mji. Alikuwa amebanwa katikati, dereva mbele, pasta nyuma, sufuria yake mapajani, mkono umefungwa kwa kitenge. Hakulia. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku kama mtu anayetafuta wa kuagana naye. Nilimpungia. Sijui kama aliniona.

Kwa miezi kadhaa kanisa lile lilisali bila umeme, bila kinanda. Ndipo pasta akaitisha mkutano wa waumini wote baada ya ibada, waamue kuhusu taa. Akaniomba nije kama fundi wao.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa panneau za jua, zile paneli mnazoziona sasa juu ya bati, pamoja na betri zake. Zingepatikana kwa kuuza shamba la wamama, lile la muhogo kwenye barabara ya Masako, ambalo wamama walilima miaka mingi na kulisha wajane na wagonjwa wa kanisa. Ya pili ililetwa na Papa Bosenge mwenyewe. Alisimama kwenye benchi la mbele, amekonda, koti linamning'inia.

"Groupe mupya, mimi nitatoa," alisema. "Kubwa kupita ile. Muache shamba ya bamama. Muache hii mambo ya jua. Iko bule, ninawapa na moyo."

Nilisikia kanisa zima linapumua. Nani anapenda kuuza shamba? Mama mmoja alisema kwa sauti, "Tukiuza shamba, tutakula jua?" Watu walicheka, na kicheko kile kilikuwa cha kwanza ndani ya jengo lile tangu siku ya mvua.

Lakini kila mtu pale alijua swali lilikuwa jingine. Wakipokea groupe mpya ya Papa Bosenge, basi motere haina kosa, na kama motere haina kosa, Koko ni ndoki, na tofali lilimpata aliyestahili. Wakichagua jua, basi ni moshi uliomuua Nadège, na moshi uliingizwa na mtu. Hakuna aliyesema hivyo. Walizungumzia betri.

Binti mmoja wa kanisa, Christelle, aliyesomea umeme chuoni, alieleza habari za panneau. Alieleza vizuri. Alipoulizwa kama betri zinadumu, hakuficha. "Zitakufa, baba. Si kesho, lakini zitakufa, na tutahitaji kununua zingine. Na panneau zikijaa vumbi au majani lazima mutu apande kupangusa." Nilimpenda pale pale. Fundi anayekuambia ubaya wa kitu chake, mwite tena.

Kisha pasta akanigeukia. "Papa Ramazani, weye ni mutu wa groupe. Sema."

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, yakanitoka yote.

"Groupe si mbaya," nikasema. "Imenilishia watoto. Lakini groupe ni kitu cha nje. Ikiwa ndani, inaua. Haichagui."

Papa Bosenge aliinuka polepole. "Haichagui? Alors, Papa Ramazani, batoto bengi balikuwa mule. Bote baliamuka. Juu ya nini yangu tu?"

"Kwa sababu alikaa mlangoni. Waya ulikuwa mfupi."

"Na waya, nani alifupisha?"

Tazameni, yule mzee hakuwa mjinga. Mimi naweza kukueleza jinsi moshi unavyoua, lakini yeye hakuniuliza hivyo. Aliuliza kwa nini wake.

"Unasema ni mimi niliua mutoto yangu?" akaendelea, akinisogelea. "Sema basi. Sema mbele ya Mungu."

"Sisemi hivyo, Papa Bosenge."

"Unasema nini?"

Mtu nyuma akapiga kelele, "Koko alijuwa! Alitoka mbele!" Wengine wakaitikia. Pasta akainua mikono, hakuna aliyemtazama. Vijana wawili watatu walishasimama. Nilihesabu hatua kwa macho mpaka mlangoni, siwafichi.

Ndipo Mama Julienne aliposimama upande wa wamama. Alikuwa bado amevaa nguo nyeusi, kichwa kimenyolewa. Tangu msiba watu walisema hajatoa maneno zaidi ya kuomba maji. Alisema kwa sauti ndogo, ikabidi wote wanyamaze ili wasikie.

"Koko hakujua kitu. Mi ndiye nilimutuma."

Mumewe akageuka.

"Mvua ilianza," akaendelea. "Nguo zangu zilikuwa ku kamba. Nikamuita ku dirisha: Koko, uniletee nguo, miye niko na homa. Akatoka. Akaniletea nguo mupaka mu nyumba, akanipangia juu ya kitanda. Halafu akarudia kanisani. Ni ile tu. Hakuna kingine."

"Mama Nadège," pasta alisema, "juu ya nini hukusema?"

Mama Julienne alikunja na kukunjua ncha ya kitenge.

"Kama si Koko, basi ni sisi," alisema. "Ku matanga nilinyamaza. Wakati banang'oa bati yake, nilikuwa naangalia ku dirisha ile ile. Alinitazama. Hakusema, Julienne, waambie. Alinitazama tu. Minafikiri alidhani mi mwenyewe nitasema."

Papa Bosenge alifungua mdomo. Mkewe hakumpa nafasi. Hakupandisha sauti.

"Papa Nadège, kaa chini."

Na akakaa. Alikaa kama gunia linaloshushwa kutoka begani.

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Panneau zilishinda, si kwa wingi. Wengi hawakuinua mkono kwa lolote, walikaa wakitazama sakafu. Mikono ya Papa Bosenge ilibaki magotini.

Msidhani siku ile mambo yalinyooka. Mnunuzi wa shamba alitaka ardhi tupu, kwa hiyo wamama walikwenda Masako kung'oa muhogo ambao haujakomaa, vimizizi vyembamba kama vidole. Walirudi na majani mengi na chakula kidogo. Familia kadhaa zilihama kanisa. Walisema Mama Julienne amerogwa pia, ndiyo sababu anamtetea mlozi. Nilikutana na mmoja wao sokoni, mtu mwenye akili zake, fundi cherehani. Akaniambia, "Papa Rama, ile moshi nakubali. Lakini moshi ilitumwa."

Panneau zilipofungwa, nilikwenda kutazama. Christelle na wenzake walipanda kwanza kukagua mbao za paa, wakaongeza nguzo mbili ndani, kisha wakafunga. Nilizunguka kisanduku cha betri kwa muda mrefu mpaka Christelle akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, "Natafuta mahali pa kutia mafuta." Alicheka. Taa zilipowaka hapakuwa na mngurumo hata kidogo, na mimi, maisha yangu yote ya kazi, sikuwahi kuona taa inawaka katika ukimya vile. Nilisimama nikisikiliza kitu ambacho hakipo. Pasta alitabasamu. Mama Julienne alikuwa pale, akaangalia taa, akaangalia mlango wa chumba cha nyuma, akatoka.

Nilimwuliza pasta habari za Koko Yaisa. Alisema mipango ipo. Walikuwa wanataka kwanza kumrudishia mabati ya chumba chake, wamwekee na taa moja, halafu wamlete siku ya kuweka wakfu zile panneau, kwaya iimbe, watu wamwombe radhi hadharani. Walitaka iwe vizuri. Nilisema ni jambo jema. Nami niliona ni jambo jema.

Baada ya siku kadhaa Papa Bosenge alikuja kwenye karakana yangu. Alikuja kwa miguu, yeye aliyekuwa haendi popote bila gari. Alikataa kiti. Alisimama akitazama motere zilizofunguliwa mezani, moja moja, kama mtu aliyeingia chumba cha maiti kutambua ndugu yake.

"Papa Ramazani," akasema, "aliumia?"

Nilielewa swali. Nilishika kitambaa nikaanza kupangusa mikono ambayo haikuwa na mafuta.

"Kichwa kilimuuma kwanza," nikasema. "Pengine alidhani ni uchovu. Baadaye ni usingizi. Hakujua kwamba anakufa."

"Una hakika?"

"Wale walioamka walisema hivyo. Hakuna aliyesema alihisi kubanwa. Walisema walisikia usingizi mtamu."

Alitikisa kichwa mara nyingi. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, nikatazama pembeni. Kisha akasema, "Nipeleke kwa ile mama. Sitaki kungojea sikukuu ya pasta."

Tulipanda pikipiki yangu. Barabara ya Kapalata ilikuwa imeharibiwa na mvua, na mara mbili ilibidi ashuke atembee kwenye matope na viatu vyake vizuri. Tulimkuta mpwa wa Koko, mwanamke wa makamo anayeitwa Mado, amekaa mbele ya nyumba anatwanga pondu, majani ya muhogo. Tukasalimia. Nikasema tumetoka Mangobo, tunamtafuta Koko Yaisa.

Mchi ulisimama.

"Tulimuzika," akasema. "Ile mkono ilioza. Tulimupeleka ku hospitali, basema tumekawiya. Ni sasa mwezi."

Nikatoa pole. Mado alikuwa anamtazama Papa Bosenge, matope mpaka magotini.

"Na weye, papa, ulikuwa nani kwake?"

Ningeweza kumsaidia. Ningeweza kusema ni mzee wa kanisa, amekuja kutoa pole. Nilingoja.

"Mimi ndiye nilisema iko ndoki," Papa Bosenge akasema.

Mado alimtazama sana. Nilidhani atapiga kelele, majirani waje, nasi tupate haki yetu. Hakupiga kelele. Alishika mchi tena.

"Alors umekawiya na weye, papa," akasema. "Mwenye kukusamehe tumemuzika. Hapa hakuna mwingine."

Akaendelea kutwanga. Tulisimama pale, yeye anatwanga, mpaka ilionekana wazi kwamba hatasema neno jingine. Papa Bosenge hakuomba kuonyeshwa kaburi. Njia nzima ya kurudi alinishika mabega kwa mikono miwili, kama mtoto anayepanda pikipiki kwa mara ya kwanza.

Watu husema nimalizie na jambo jema. Taa za Mangobo zinawaka mpaka leo, hilo ni jema. Christelle ana kazi nyingi, kila kanisa sasa linamtaka. Sina jingine la kuongeza kwenye upande huo.

Lakini nitawaambia kilichotokea wiki ile ile. Nilikuwa karakanani, akaja mteja, kijana mpole, mwenye duka la simu na familia yake wanalala nyuma ya duka. Alikuwa amenunua groupe mpya, ndogo, nzuri. Akaniomba nimfungie koridoni, kati ya duka na chumba cha watoto, kwa sababu ya wezi. Nilikataa. Nikamweleza kila kitu, moshi, waya, Nadège, Koko, yote niliyowaambia ninyi leo. Alinisikiliza kwa adabu sana. Akasema, "Pole sana, papa, ile ni mambo mubaya." Kisha akabeba groupe yake kwa mkono mmoja, akaenda kutafuta fundi mwingine.

Fundi aliyemfungia ni mmoja wenu.